Kupima ustahimilivu wa umeme na maji ya shehia yako

Desemba 2009 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara hadi Fumba uliharibika, na kisiwa cha Unguja kikakaa bila umeme wa gridi hadi Machi 2010. Mwaka 2008 kisiwa kilikuwa kimeshakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Kabla ya hapo, ukimuuliza mtu kama umeme upo, angekujibu upo, na asingekosea. Lakini waya huo ulikuwa mmoja tu. Swali la kuuliza mapema lilikuwa: ukiharibika, nani atabaki na huduma, na itarudi baada ya muda gani?

Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha ustahimilivu, yaani uwezo wa huduma kupokea pigo, kuendelea hata kwa kiasi, na kurudi upesi. Unaweza kuupima mwenyewe hapo mtaani. Gharama yake ni daftari na kalamu, pamoja na saa ya simu yako.

Anza kwa kuchora. Weka alama kila penye transfoma, kisima, pampu na tangi la maji, kisha unganisha alama hizo kwa mistari ya nyaya na mabomba. Usipojua bomba linapita wapi, muulize sheha, yaani kiongozi wa shehia, au fundi wa maji wa eneo lenu. Tazama kwa mbali tu. Usifungue wala kugusa kifaa chochote cha umeme. Kwenye kila tawi andika idadi ya nyumba zinazolitegemea.

Sasa funika mstari mmoja kwa kidole. Nyumba ngapi zimebaki bila njia nyingine? Andika idadi hiyo, uondoe kidole, uende mstari unaofuata. Mstari wenye idadi kubwa kuliko yote ndio udhaifu wenu mkuu. Kwa Unguja nzima, mstari huo ulikuwa waya wa Fumba, uliowekwa mwaka 1980. Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Hayo ni maendeleo makubwa, ila kumbuka kwamba njia mbili zinazoanzia sehemu moja na kuishia sehemu moja zinaweza kupigwa na pigo moja. Kwenye ramani yako pia, mabomba mawili ndani ya mtaro mmoja yahesabu kama njia moja.

Ramani inakuonyesha linaloweza kutokea. Daftari litakuonyesha linalotokea. Kila huduma inapokatika, andika tarehe, saa ilipokatika, nyumba zilizokosa, na saa iliporudi kwa kila kundi la nyumba. Tuseme nyumba 200 zimekosa umeme. Nyumba 50 zimerudishiwa baada ya saa 4, na 150 baada ya saa 10. Zidisha 50 kwa 4 upate 200, na 150 kwa 10 upate 1,500. Jumla ni 1,700. Gawanya kwa nyumba 200, upate wastani wa saa 8 na nusu kwa kila nyumba. Mashirika ya umeme duniani hupima kwa hesabu ya namna hii, pamoja na kuhesabu umeme umekatika mara ngapi kwa mwaka. Mwenye jenereta yake mhesabu kuwa amekosa, kwa sababu unapima mtandao wa umma, si mfuko wa mtu.

Safu moja zaidi ya daftari ndiyo ninayoithamini kuliko zote: nini kilifuata? Maji ya Unguja kwa sehemu kubwa huvutwa ardhini kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika saa 2 asubuhi na mabomba yakakauka saa 9 mchana, akiba ya tangi lenu ni saa 7. Ukiijua namba hiyo, unajua ndoo zijazwe saa ngapi, na kama zahanati inahitaji tangi lake. Fanya vivyo hivyo kwa mtandao wa simu, kwa sababu minara nayo hutegemea betri au jenereta umeme unapokatika.

Endelea kuandika angalau hadi masika yapite, Machi hadi Mei. Huduma inayostahimili jua la Januari huenda isistahimili mvua za Aprili.

Ukimaliza, peleka nakala kwa sheha, kisha ofisi ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na ya ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar. Ukiwa Tanzania Bara, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Usipeleke malalamiko ya jumla. Onyesha mstari dhaifu, idadi ya nyumba na wastani wa saa, kisha uombe jambo moja linalopimika, kwa mfano pampu ya pili au njia ya pili ya kuifikishia transfoma yenu umeme. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na daftari lenyewe libaki kwako ili uendelee kuandika.