Maziwa ya Mama wa Njiti ni Kazi ya Nyumba Nzima

Kwa nini maziwa hupungua

Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, yaani njiti, mara nyingi hulazwa wodini huku nyumbani watu wakiulizana kama maziwa ya mama yake yametoka. Yakichelewa, lawama humwangukia yeye. Kwa wengi sababu haimo mwilini mwa mama bali katika mazingira anayowekwa. Titi hutengeneza maziwa kadiri yanavyotolewa. Yakikaa ndani saa nyingi, utengenezaji hupungua. Mtoto aliyetimiza miezi yake huyatoa kwa kunyonya. Njiti aliyezaliwa mapema sana hawezi bado, kwa kuwa uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukomaa kati ya wiki ya 32 na ya 34 hivi. Mpaka hapo, mama huyakamua mwenyewe tangu saa za mwanzo baada ya kujifungua, angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Mama mwenye njaa, aliye mbali na mtoto, anayewaza nauli na watoto aliowaacha nyumbani, atazifikishaje mara 8?

Faida ya matone machache

Siku za mwanzo hutoka matone tu ya dang'a, na wapo wanaoyamwaga wakiyaona machafu. Hayo ndiyo yenye kinga nyingi. Utumbo wa njiti ni mchanga, na wanaolishwa maziwa ya kopo hupata zaidi ugonjwa hatari wa kuvimba na kuoza kwa utumbo kuliko wanaolishwa maziwa ya mama. Kwa hiyo hata matone hayo hupelekwa kwa muuguzi, ampe mtoto kwa mrija. Baadaye hutumika kikombe kidogo, kisha titi. Ukaribu nao ni tiba. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliwafuatilia watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na 1.8. Waliobebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mapema baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiri kwanza hali zao zitulie walikufa karibu asilimia 16. Mama alipoondoka kidogo, ndugu aliyechaguliwa alimbeba mtoto badala yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri njiti abebwe hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku.

Pingamizi zinazosikika

Wapo wanaosema mzazi apumzike nyumbani, mtoto ana wauguzi. Kupumzika ni haki yake, hasa aliyepasuliwa. Lakini muuguzi mwenye watoto wengi hawezi kumkamulia wala kumbeba mtoto mchana kutwa. Mama apumzike karibu na mtoto, nyumba imwondolee kazi nyingine: mmoja apike na kumpelekea chakula, mwingine afue kanga na vitambaa, baba ashike zamu ya kumbeba mtoto kifuani pale hospitali inaporuhusu. Wengine hukimbilia kununua kopo kwa nia njema. Ni kweli wapo mama wanaoumwa sana au ambao maziwa yao hayatoshi hata wakisaidiwa. Hapo daktari ndiye anayeamua mtoto apewe nini, kwa kipimo gani. Mama anayeishi na VVU naye asiachishwe kwa uvumi: akitumia dawa zake barabara, hushauriwa kunyonyesha, na kliniki itamwelekeza.

Kwa hiyo anayekwenda kumtazama mzazi wodini asianze kwa kuuliza kama maziwa yanatoka. Aulize leo amekamua mara ngapi, na zile zilizokosekana zimekosekana kwa nini. Jibu likiwa njaa, usingizi au nauli, nyumba imeshajua pa kuanzia.