Mumbwa, Maombi na Dripu

Mumbwa ni udongo uliokandwa pamoja na majani na mizizi iliyopondwa, ukafinyangwa vijiti na kuanikwa juani. Kijiti husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, kisha tope lake hunywewa. Wanywaji wake wakubwa Uganda ni wajawazito. Barua kutoka Nateete, Kampala, inauliza juu ya mnywaji mwingine: mama mwenye saratani ya titi, anayetundikiwa dripu katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, huku shangazi akimletea mumbwa na mchungaji akimtaka afunge na kuacha sindano.

Dawa nyingi za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, hasa wiki moja hadi mbili baada ya dripu. Siku hizo vijidudu vya udongo na maji mabichi, visivyomtikisa mtu mwenye afya, huweza kumlaza mgonjwa wodini. Mitishamba mingi nayo hupita kwenye ini, ambalo tayari linahangaika na dawa za hospitali. Likizidiwa, dripu huahirishwa. Ubaya hautokani na asili ya dawa kuwa mmea. Vinkristini, inayotibu saratani ya tezi za limfu ambayo Denis Burkitt aliieleza akiwa Mulago mwaka 1958, hutolewa katika ua la Madagaska linalopandwa bustanini. Ila hiyo hupimwa kwa miligramu. Kilichomo ndani ya kijiti hata muuzaji hakijui.

Maombi hayagombani na dawa yoyote. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, huihudumia roho ya mgonjwa sambamba na kumpa mofini ya maji. Kufunga ndiko kwenye shida, kwa mwili unaopungua uzito. Hata Uislamu umemruhusu mgonjwa kula Ramadhani. Na mchungaji anayeamuru sindano iachwe ameacha madhabahu na kujipa udaktari. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao, na hakuna utafiti uliothibitisha kuwa kikombe kile kiliponya saratani.

Shangazi asifukuzwe, naye anauguza. Apewe kazi ya kupika, maana mgonjwa anahitaji chakula kilichoiva na maji yaliyochemshwa. Kijiti chenyewe kipelekwe Mulago, daktari akione na aelezwe mama amekunywa kiasi gani na tangu lini. Mpaka atakapojibu, mumbwa isinywewe, na mama asikose dripu hata moja aliyopangiwa na daktari.