Kushuhudia Saini kwa Njia ya Kielektroniki

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba hati ya kisheria inayohitaji shahidi haiwi imeshuhudiwa kwa sababu tu aliyetia saini alionekana katika kioo cha simu. Simu imerahisisha mambo mengi, na kwa ajili hiyo wengi wamedhani imerahisisha na hili.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki Unguja, akaacha nyumba. Warithi wanne wapo hapa. Wa tano anafanya kazi Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Anatakiwa atoe hati ya kiapo kwamba ameridhia ndugu yake asimamie mirathi. Kutoka Mpanda kwa reli ya Kaliua na Tabora hadi Dar es Salaam, kisha kuvuka bahari, ni safari ya siku kadhaa na gharama yake si ndogo. Basi kamishna wa viapo aliyeko Dar es Salaam anampigia simu ya picha. Mrithi anatia saini, anaipiga picha karatasi na kuituma. Kamishna anagonga muhuri chini ya maneno “mbele yangu”.

Hapo ndipo penye hatari. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Notari wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kinamtaka kamishna aandike jina lake na aeleze kwa kweli mahali na tarehe kiapo kilipotolewa. Je, ataandika mahali gani? Akiandika Dar es Salaam, muapaji hakuwepo huko. Akiandika Mpanda, yeye mwenyewe hakuwepo. Si jambo dogo. Katika shauri la D. B. Shapriya na Bish International la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliona kuwa hati ya kiapo isiyotaja mahali kilipotolewa ina kasoro isiyovumilika. Mrithi mwenye kinyongo akipata mwanya huo, mirathi nzima inaweza kukwama.

Isidhaniwe kuwa sheria inaikataa saini ya kielektroniki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua iliyo salama: iwe ya pekee kwa matumizi yake, imtambulishe mtiaji, itiwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na ifungamane na waraka hata badiliko lolote lidhihirike. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye waraka haina sifa hizo, maana yeyote aliye nayo aweza kuibandika. Mwandishi wa makala haya amepata kuona ofisi ambamo saini ya mkuu ilihifadhiwa katika kompyuta, na karani akiitumia hata mkuu akiwa safarini. Saini ile, kwa hakika, ilikuwa ya karani.

Lakini saini ni jambo moja na ushuhuda ni jambo jingine. Mwenye saini anasema, “Nimekubali.” Shahidi anasema, “Nilimwona, namjua, na hakulazimishwa.” Neno shahidi lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya aliyehudhuria. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Kurani, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Huku Bara, kanuni za sheria ya mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinataka wosia wa asiyejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kioo cha simu huonyesha uso. Hakimwonyeshi aliyesimama nyuma ya simu akikunja ngumi.

Uingereza iliruhusu wosia ushuhudiwe kwa video wakati wa maradhi ya korona, kuanzia hati za Januari 2020. Ruhusa hiyo ilikoma Januari 2024. Mahakama za Bara nazo zina kanuni za mwaka 2021 za kuendesha mashauri kwa mbali, jambo lenye manufaa makubwa Katavi, ambako kwa miaka mingi mashauri ya Mahakama Kuu yalifuatwa Sumbawanga, zaidi ya kilomita 200. Hata hivyo, huko mahakama yenyewe ndiyo inayosimamia kikao. Simu ya faragha haina msimamizi.

Mrithi wetu basi hana haja ya kusafiri wala kudanganya. Na aende kwa hakimu au kwa wakili aliye kamishna wa viapo huko huko Mpanda, achukue kitambulisho chake, atie saini mbele yake, na karatasi halisi itumwe kwa posta. Wakili asiyejulikana atazamwe kwanza katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano, ofisi ya Zanzibar itakayoipokea hati ya nyumba iulizwe mapema inataka hati ya namna gani.

Aliyekwisha kushuhudiwa kwa simu na hati yake bado haijawasilishwa, aandike nyingine upya, kwa tarehe ya siku atakayotia saini, si ile ya zamani.