KOGA KATIKA KIMEA: SOMO KUTOKA TARIME NA SERENGETI

Wanachama wenzetu, somo letu la safari hii latoka mbali na mikarafuu: wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara. Tumelichagua kwa kuwa nafaka za bara huliwa katika nyumba zetu, na kosa linaloziharibu ni ndugu wa kosa linaloharibu karafuu.

Huko Mara hulimwa mahindi, mtama, mihogo na ulezi. Tarime ya milimani, inayopakana na Kenya, hupata mvua nyingi kuliko Serengeti. Ulezi ni nafaka ndogo sana, nao ukikaushwa vyema hukaa ghalani miaka bila kuharibika. Mahindi hayana uvumilivu huo.

Lakini ulezi ukifanywa kimea mambo hugeuka. Hulowekwa, huchujwa maji, kisha hufunikwa mahali penye joto siku mbili tatu mpaka uchipue. Halafu huanikwa na kusagwa. Kimea hutiwa katika togwa na uji, na wengine hupikia pombe. Hiyo pombe haituhusu, lakini uji wa mtoto watuhusu sana. Viwanda vya bia hufanya kazi hiyo hiyo kwa shayiri, ambayo hapa Tanzania hulimwa upande wa Kaskazini kama Monduli. Ila wao wana matanuri ya kukaushia. Mama wa Tarime ana jua tu, na jua la milimani laweza kufichwa na mawingu kutwa nzima.

Maji, joto na kufunikwa: ndivyo itakavyo mbegu ili ichipue, na ndivyo itakavyo koga pia. Koga moja ya rangi ya kijani na manjano, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus, hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Ilianza kujulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Basi mtu aliyepangusa koga akaanika kimea chake tena, ameondoa alama tu, sumu ameiacha.

Wala tusidhani haya ni mambo ya ndege wa Ulaya. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, macho yakawa manjano na matumbo yakavimba. 20 kati yao walifariki. Chakula kilichowadhuru kilikuwa mahindi.

Mkulima wa karafuu aijua hatari hii kwa mlango mwingine. Karafuu mbichi ikilazwa lundo au ikafungwa guniani, hupata joto, hupauka na kusinyaa, na mnunuzi huijua mara moja. Kimea kibaya chaweza kusagwa kikawa unga mzuri tu.

Afanyaye kimea na achague kwanza, atupe punje zilizovunjika na zenye koga. Gunia la kufunikia lifuliwe na kukaushwa kila mara, maana lililotumika jana lina mbegu za koga tayari. Punje zitandazwe nyembamba, zisirundikwe, na zigeuzwe mara kwa mara. Siku za mvua ni heri kungoja, au kukaushia juu ya uchaga wenye moto chini. Kuanika kuwe juu ya jamvi, si juu ya udongo mtupu.

Kujua kama nafaka imekauka, chukueni chupa kavu, mtie nafaka kidogo na chumvi kavu, mtikise vizuri, kisha mngoje kidogo. (Chumvi ya visiwani hushika maji, ianikeni kwanza.) Chumvi ikishikamana na kioo, nafaka bado ina maji kupita 15 katika mia. Isiposhikamana, ongezeni siku moja ya jua kabla ya kufunga gunia, kwani mahindi ya kuwekwa ghalani hutakiwa yafike 13 katika mia.