Fahali Wawili Zizi Moja: Utaratibu wa Modi

Modi ni faili zilizotengenezwa na wachezaji wa mchezo wa kompyuta ili kuubadili au kuuongezea kitu. Modi moja mara nyingi haina taabu. Zikifika ishirini, mchezo huanza kukwama, na pengine kazi ya majuma mengi hupotea. Hapo mchezaji hulaumu modi. Lakini mara nyingi kosa liko katika utaratibu wake. Na tutazame Skyrim, mchezo uliotolewa na Bethesda mwaka 2011.

Kanuni ya kwanza: wa mwisho ndiye mwenye neno. Mchezo husoma modi moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha. Mbili zikigusa kitu kimoja, inayosomwa nyuma hushinda.

Chukua upanga wa chuma. Katika mchezo wenyewe nguvu yake ni 7 na bei yake 25. Modi A yaongeza nguvu iwe 10. Modi B yapandisha bei iwe 40, wala haikukusudia kugusa nguvu. Ikiwa B ni ya mwisho, je, tutapata nguvu 10 na bei 40? La! Mchezo hauchagui tarakimu moja moja. Huchukua ukurasa mzima wa upanga kutoka B, na humo nguvu ingali 7. Basi kazi yote ya A juu ya upanga huo imefutika. Dawa yake ni kiraka, yaani faili ndogo isomwayo baada ya zote mbili, yenye 10 na 40 pamoja. Programu ya xEdit huonyesha kurasa hizo bega kwa bega.

Kanuni ya pili: mzazi hutangulia mtoto. Modi inayotegemea nyingine haina budi kuwekwa nyuma yake. Mzazi akikosekana, mara nyingi mchezo hufungika palepale unapoanza.

Kanuni ya tatu yahusu picha. Faili mbili zenye jina moja hazikai folda moja: iliyowekwa mwisho huifuta ya kwanza. Programu ya Mod Organizer huipa kila modi folda yake, hata waweza kubadili zamu bila kupoteza kitu.

Programu ya LOOT hupanga orodha, lakini haitengenezi viraka. Kwa hiyo ongeza modi moja, jaribu, kisha nyingine. Wala usiondoe modi katikati ya safari, kwani masalio yake hubaki katika mchezo uliohifadhi na huweza kuuharibu.

Maswali
1. Katika mfano wetu, A ikisomwa mwisho, upanga utakuwa na nguvu gani na bei gani?
2. Kwa nini kubadilisha zamu ya A na B hakutoshi?
3. Kiraka kikiwekwa kabla ya A na B, kitafaa nini?