Kwa Nini Mwana wa Mkulima Akasome Kulima?

Muhula huu sisi wa Kidato cha Sita tuliambiwa tuandike masomo tunayotaka kuyafuata Chuo Kikuu. Wengi katika darasa letu waliandika Udaktari, Sheria na Uhandisi, nami nikaandika Kilimo. Wenzangu walicheka, ingawa si kwa ubaya. Mmoja aliniuliza kama nitavaa joho la digrii nikienda kupalilia muhogo. Nilipofika nyumbani Buteba wakati wa likizo, baba yangu mdogo, ambaye ndiye anilipiaye karo, hakucheka hata kidogo. Alisema, "Mwanangu, jembe ulilikuta hapa mlangoni. Mimi sikulipa karo ili urudi kulishika."

Siku ile sikuwa na la kumjibu. Nimelitafuta jibu tangu hapo, na nimeliandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa vidato vya chini ambao bado wana nafasi ya kuchagua masomo.

Kwanza yafaa tujue somo lenyewe. Watu wakisikia Kilimo hudhani ni kufundishwa kupanda mahindi kwa mstari, jambo ambalo tulilijua tangu shule ya msingi. Siku hizi vyuoni husemwa habari za kilimo endelevu na mifumo ya chakula ya jamii. Kilimo endelevu ni kulima leo pasipo kuinyang'anya ardhi nguvu ya kuwalisha watoto wetu. Nao mfumo wa chakula ni njia yote ambayo chakula hupita: mbegu, shamba, uwanja wa kuanikia, ghala, gunia, baiskeli, soko, mpaka, jiko, hata mdomo wa mtoto. Chakula kikiharibika mahali pamoja katika njia hiyo, jasho la mahali pengine pote limepotea. Sisi wa Buteba, tukiwa kati ya Busia na Tororo, twaiona njia hiyo kila siku ikipita mbele ya macho yetu. Walakini yako mambo mawili matatu ndani yake ambayo macho hayayaoni, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike Kilimo.

Nianze na adui tunayemjua sote. Katika mashamba ya huku, na ng'ambo ya pili hadi Siaya, liko gugu lenye maua ya zambarau, zuri kulitazama. Kwa Kiswahili huitwa kiduha, na majirani zetu Wajaluo huliita kayongo. Mkulima hulitambua likiwa limekwisha kumwibia. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, nayo huweza kulala udongoni miaka 10 na zaidi ikingoja. Mahindi, mtama au ulezi ukiota karibu, mizizi yake hutoa kitu kinachoyeyuka katika maji ya udongo. Mbegu ya kiduha ikipata kitu hicho huamka, hujishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Mahindi hudumaa na kugeuka manjano kabla gugu halijatokeza juu ya ardhi. Ndiyo sababu wako watu kwetu waliosema shamba limerogwa, na kwa kweli mtu atazamaye kwa macho tu hawezi kulaumiwa. Mmea mmoja ukiachwa hadi ukomae hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, kwa hiyo anayeng'oa baada ya mbegu kuanguka amekwisha kuchelewa.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Wazee wa Teso walikuwa na desturi ya kupokezanisha pamba, ulezi na karanga, kisha kuliacha shamba lipumzike. Hawakujua habari za mizizi na mbegu zilalazo, lakini desturi yao ilikuwa sahihi. Mizizi ya pamba na karanga huiamsha mbegu ya kiduha, ila mbegu hiyo haiwezi kunyonya mizizi hiyo. Basi huamka bure, ikafa. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani walikipata kitu hicho kiamshacho katika mizizi ya pamba, wakakiita strigoli. Yaani mtaalamu alifika mahali ambapo mzee alikuwa amekwisha kufika, ila yeye alijua sababu.

Kujua sababu kuna faida gani? Leo mashamba yetu yamegawanywa kwa ndugu wengi, hakuna nafasi ya kupumzisha ardhi, pamba imepungua, na mahindi hufuata mahindi. Desturi imevunjika, na sisi tulioivunja hatukujua ilikuwa ikifanya kazi gani. Laiti tungalijua, tungalitafuta kitu kingine cha kufanya kazi ile ile.

Kitu hicho kiko, tena kilitafutwa karibu nasi. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kipo kituo cha ICIPE kishughulikiacho elimu ya wadudu. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wake, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, wametengeneza njia iitwayo "vuta sukuma". Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea uitwao desmodiumu. Harufu yake humfukuza nondo azaaye funza wa mabua. Huko ndiko kusukuma. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, ambayo harufu yake humwita nondo huyo akatage huko, na funza wengi hufia kwenye utomvu wake. Huko ndiko kuvuta. Tena mizizi ya desmodiumu huamsha mbegu ya kiduha na kuizuia isishike mahindi, na kwa kuwa ni mmea wa jamii ya kunde huongeza naitrojeni katika udongo. Majani ya mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe. Njia hii imefika kwa wakulima wa Busia na Tororo pia.

Sitaki msomaji adhani ni dawa ya mara moja. Mbegu ya desmodiumu ina bei, mmea wenyewe hukawia kushika ardhi, na mabingobingo ya pande hizi yamepatwa na ugonjwa wa kudumaa. Ndiyo maana kazi haijaisha, na watu wa kuifanya wanahitajiwa.

Aliyeianzisha ICIPE mwaka 1970 alikuwa Profesa Thomas Odhiambo, aliyesoma Makerere na kisha Cambridge. Nawaambia hayo wale wanaodhani mtu aliyesoma sana hawezi kuushughulikia udongo na funza.

Muhogo nautaja kwa ufupi tu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 ugonjwa wa batobato kali ulienea Uganda, ukavuka hata Kenya ya magharibi, na watu wa Teso walipata njaa. Ugonjwa huo huchukuliwa na inzi weupe, lakini huchukuliwa pia na vipande vya mashina tupeanavyo kwa upendo, ndugu kwa ndugu, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Wataalamu wa Namulonge walitoa aina zistahimilizo ugonjwa, ziitwazo NASE, na muhogo ukarudi. Baadaye ukaja ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha muhogo chini huku majani juu yakionekana kama mazima. Mara nyingine tena ni jambo lisiloonekana.

Sasa nifike kwenye mahindi, maana hapo ndipo nilipobishana na baba mdogo. Yeye hununua mahindi kwa majirani na kuyauza ng'ambo. Tarehe 5 Machi 1921 haikumhusu mtu, lakini tarehe 5 Machi 2021 kila mfanyabiashara wa Busia na Malaba anaikumbuka: siku hiyo Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga mistari mpakani. Katika muda wa juma moja njia ilifunguliwa tena, ila kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiasi kilichowekwa, yaani sehemu 10 katika sehemu 1,000,000,000. Watu wengi kwetu walisema ni siasa tu. Huenda siasa ilikuwamo. Mimi si mtu wa kuamua hilo. Lakini sumu yenyewe si siasa. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Sumukuvu hutokana na ukungu ukaao udongoni, ambao huingia katika punje zenye unyevu. Punje yaweza kuwa na sumu pasipo kuonyesha rangi wala harufu. Kupika ugali hakuiondoi. Aulaye kidogo kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya kansa ya ini, na watoto wenye kuila wameonekana kudumaa. Nasi kwetu huanika wapi? Juu ya udongo wa uani, kuku wakipita, na mahindi ya msimu wa kwanza tukiyavuna karibu na mvua za pili hatuna siku nyingi za jua. Kisha twayatia gunia yakiwa na joto na unyevu, na ukungu hushukuru.

Mwaka mmoja baadaye mnunuzi alikataa magunia kadhaa ya baba mdogo kwa sababu ya unyevu. Alikasirika mno. Yeye hupima mahindi kwa meno, akiisikia punje ikilia "ka!" husema tayari, na miaka 20 meno yake hayajamwaibisha. Likizo iliyopita nilimwonyesha njia niliyojifunza. Chukua chupa safi iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi kiasi cha robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga kizibo na utikise kwa dakika moja, kisha uiache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka yote chini, unyevu ni chini ya asilimia 15. Hata hapo bado, kwa sababu mahindi ya kuuzwa yatakiwa yasizidi asilimia 13.5, basi huanikwa tena siku moja au mbili juu ya turubai. Tulichota katika gunia alilosema limekauka. Chumvi ikashika kioo kote. Baba mdogo aliitazama chupa kwa kitambo, akasema, "Lete chupa nyingine." Tukaleta nyingine, ikawa vile vile.

Hakusema neno zaidi, ila kesho yake niliona magunia matatu yamefunguliwa na kumwagwa juu ya turubai.

Msinielewe kana kwamba nasema wakulima hawajui kitu. Mama zetu hukata viazi vitamu na kuvikausha wakapata amukeke, au huviponda wakakausha inginyo, na chakula hicho huwavusha watu miezi ya njaa. Hiyo ni elimu ya mfumo wa chakula iliyokuwapo kabla ya Chuo Kikuu chochote. Mboga za ebo, ambazo ni majani ya kunde, sisi shuleni tuliziona aibu tukitamani kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia miaka mingi kuzichunguza mboga za asili kama kunde, mnavu, mgagani na mlenda, akaonyesha zilivyo na vyakula vya mwili, tena akatafuta mbegu bora za mboga hizo. Siku hizi huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Aibu yetu ilikuwa ya bure.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa wenzetu wengi wameacha shule kwa ajili yake. Dhahabu huchimbwa katika wilaya yetu, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya. Zebaki hiyo huteremka mitoni, ikaingia katika samaki. Mtu atakayesoma mifumo ya chakula kwetu hatakwepa kuingia katika mashimo ya dhahabu pia.

Sasa, ni wapi pa kusoma? Makerere kuna digrii ya Kilimo ya miaka minne, pamoja na shamba la Kabanyolo ambako wanafunzi hufanya kazi kwa mikono. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko katika wilaya yetu wenyewe. Pale Busitema hufundishwa uhandisi wa mashine za kilimo na umwagiliaji, na kilimo chenyewe huko Arapai karibu na Soroti. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kimejulikana kwa somo la ikolojia ya kilimo. Nje ya nchi kuna Egerton huko Njoro na Sokoine huko Morogoro. Anayetaka kuingia asiziache Baiolojia na Kemia. Nimewaona wawili waliozikimbia katika Kidato cha Tano, na sasa wanajuta.

Wasomaji mlio wanafunzi wa zamani, kama wako miongoni mwenu waliopita Arapai, Kabanyolo au Nkozi, twawaomba mwandike katika gazeti hili mtueleze mliyoyakuta huko, yakiwamo yale yasiyopendeza. Nasikia wako waliosoma kilimo wakaishia kukaa ofisini bila kugusa udongo tena, nami ningependa kujua kwa nini.

Kwa upande wetu, nyuma ya bweni tumepanda mistari sita ya mahindi, mitatu ina desmodiumu na mitatu haina, mahali ambapo kiduha kilikuwa kingi. Tutahesabu maua ya zambarau mara mahindi yatakapokomaa, na hesabu itatolewa katika toleo lijalo, iwe nzuri au mbaya. Baba mdogo hajakubali bado. Amesema nimwonyeshe kwanza magunia ya Agosti.