SOMO: KOMPYUTA INAANZAJE KWA SIDII?



Kompyuta ikikataa kuanza, usikubali upesi ukiambiwa imekufa. Huenda kilichoharibika ni mfumo wa uendeshaji tu, na orodha za wanafunzi au barua za kutafuta ndugu bado zimo kwenye diski. Mashine hiyo yaweza kuanza kwa sidii yenye mfumo wake, kama Linux. Jifunze hatua zake ili ujue imekwama wapi.

1. Ukibonyeza swichi, programu iitwayo BIOS, iliyohifadhiwa ndani ya mashine, huamka kwanza. Hukagua kumbukumbu na kibodi, kisha hufuata orodha ya mahali pa kutafuta mfumo. Diski ikitangulia kwenye orodha hiyo, sidii yaweza isiangaliwe kabisa. Orodha hubadilishwa kwa kubonyeza F2, F12 au Delete mara tu mashine inapowaka, kutegemea aina yake.

2. BIOS haisomi sidii nzima. Huenda moja kwa moja kwenye sekta ya 17, tukihesabu kuanzia 0. Kila sekta ina baiti 2,048. Utaratibu huu unaitwa El Torito, na ulitolewa mwaka 1995 na kampuni za Phoenix na IBM. Sekta hiyo ni kama kibao cha njia: inaonyesha orodha ilipo, na orodha inaonyesha ilipo programu ndogo ya kuanzishia.

3. BIOS huipakia programu hiyo kwenye kumbukumbu na kuikabidhi kazi. Katika sidii nyingi za Linux iliitwa ISOLINUX. Yenyewe hupakia kiini cha mfumo, kisha nayo hukabidhi kazi.

4. Kiini hutambua vifaa, huitafuta sidii tena kwa njia yake, na kuendelea hadi uone mfumo kwenye skrini.

Kompyuta nyingi za siku hizi zina UEFI badala ya BIOS. Hizo hutafuta programu nyingine ya kuanzishia, iliyotengenezwa kwa ajili yake.

IMEKWAMA WAPI?

- Sidii inarukwa: angalia orodha ya hatua ya 1. Kama orodha ni sawa, huenda sidii ilinakiliwa vibaya. Faili la ISO likiwekwa ndani ya sidii kama faili la kawaida, kibao cha sekta ya 17 hakitakuwapo.
- Inaanza kisha inasimama njiani: futa sidii kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Ikiwa na mikwaruzo, jaribu nyingine.

ANGALIA SANA: Kuanza kwa sidii peke yake hakufuti diski. Kusakinisha mfumo mpya kwaweza kufuta kila kitu. Kwa hiyo chagua kwanza kuutumia mfumo bila kuusakinisha, na unakili barua na orodha zako mahali pengine. Mambo ya kusakinisha yafuate baadaye.

Swali la kujipima: kwa nini sidii yenye mafaili yote ya mfumo yaweza bado kushindwa kuiwasha kompyuta?